Kilo sita za kwanza: kupunguza uzani Bangale

Wakaazi wa Bangale wanaijua njaa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, na hadi leo wahamasishaji wa afya ya jamii huzunguka vijijini wakipima mikono ya watoto kwa utepe wa kutambua utapiamlo. Katika hali hiyo, makala kuhusu kupunguza uzani yanaweza kuonekana kama mzaha. Lakini nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyekonda kupita kiasi na mama mwenye presha, kisukari na magoti yanayouma kwa sababu ya uzani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uligundua kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake watu wazima nchini Kenya wana uzani uliozidi. Kwa wanaume ni karibu mmoja kati ya watano.

Sababu zake hapa kwetu hazifichiki. Mfugaji anayefuata ng'ombe au ngamia hutembea kutwa. Familia ikipoteza mifugo na kuhamia kando ya barabara ya Mwingi kwenda Garissa, miguu hupumzika. Bodaboda ipo, duka liko karibu, na chakula kinachopatikana ni kile kinachosafiri vizuri kwa lori na kukaa ghalani: mchele, unga wa ngano, pasta, sukari na mafuta. Mboga hutoka mbali na mara nyingi hufika zimenyauka na bei imepanda. Maziwa yaliyokuwa chakula yamebaki kuwa rangi ya chai.

Halafu kuna macho ya watu. Katika jamii zetu mwili wenye nyama ni ishara ya nyumba yenye heri. Mwanamke akipungua, jirani haulizi amefanyaje, huuliza anaumwa nini. Wapo watakaonong'ona kuhusu kifua kikuu au UKIMWI, na wapo watakaosema mume hamtunzi, naye mume atayasikia. Si ajabu mtu kuacha kwa sababu ya maneno hayo kabla hata njaa haijamshinda. Inasaidia kuwaambia watu wa nyumbani mapema, tena kwa namba: nilipimwa presha ikatoka kiasi hiki, nimeambiwa nipunguze uzani. Mtu hubishana na urembo, ni vigumu zaidi kubishana na presha.

Mwili haujui kwamba ni hiari

Kinachowashinda wengi ni mwili wenyewe, ambao umeumbwa kuogopa ukame. Mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, ili kujua jinsi ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa wakati wa vita. Kwa miezi sita walipoteza karibu robo ya uzani wao. Miili yao ilianza kubana matumizi: mapigo ya moyo yalipungua kasi, wakahisi baridi, wakachoka upesi. Akili nazo zilijaa chakula. Walikizungumzia, wakasoma vitabu vya mapishi, wakakiota usiku. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula bila kushiba kwa muda mrefu. Mzee yeyote wa Bangale aliyeupitia ukame angewaeleza hayo bila maabara.

Vijana hao walikuwa wembamba tangu mwanzo, lakini mwili mnene pia hujitetea. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 wenye uzani uliozidi, waliokula chakula kidogo sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye, homoni inayoamsha njaa ilikuwa bado juu kuliko mwanzo, na zile zinazoleta shibe zilikuwa bado chini. Kwa hivyo anayerudisha kilo alizopoteza asiitwe mvivu. Anashindana na mwili unaodhani mvua imekosekana tena.

Ndiyo maana lengo lina uzito kuliko bidii. Chukua mama mwenye kimo cha mita 1.60 na kilo 90. Chati ya kliniki inasema uzani unaomfaa usizidi kilo 64. Anatakiwa apunguze kilo 26, na mtu aliyebebeshwa kilo 26 siku ya kwanza anaweza kukata tamaa kabla ya mwezi kuandama. Chati haidanganyi, ila si mahali pa kuanzia. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Kundi moja liliombwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzani na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mama wetu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Bado ataitwa mnene na hatavaa nguo za ujana wake, lakini sukari yake itakuwa imeanza kutulia. Presha nayo, kwa wastani, hushuka takriban pointi moja kwa kila kilo inayoondoka. Kwa goti lenye maumivu, kilo moja ikitoka mwilini, mzigo kwenye goti hupungua takriban kilo nne kwa kila hatua. Anayeswali kwenye kiti kwa sababu ya magoti ataelewa hesabu hiyo haraka kuliko ile ya chati.

Chai na mafuta

Kilo hizo sita zitoke wapi? Hapa kwetu tuanze na chai. Vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko 15, yaani karibu gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Soda moja ya mililita 300 peke yake huwa na takriban gramu 30. Asiyeweza kuacha apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Kupunguza sukari ya chai kwa nusu huondoa kalori kama 120 kwa siku. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori zisizopungua 120 pia, na kwenye wali, pasta au nyirinyiri vijiko hivyo havihesabiwi. Atakayepunguza vyote viwili, bila kubadilisha lingine lolote, anaweza kupoteza karibu kilo moja kwa mwezi mwanzoni, kisha mwendo hupungua. Ni polepole.

Jambo moja lisisahaulike jikoni. Anayepunguza ni mtu mzima mwenye uzani uliozidi, si sufuria nzima. Mtoto mdogo anahitaji mafuta na maziwa. Pika kwa mafuta machache, pakua, kisha ongeza samli kwenye sahani ya mtoto. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kupungua bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Sahani ya mkubwa ijazwe kwa ndengu, maharagwe au kunde, ambazo hushibisha kwa muda mrefu na hazioni shida kusafiri kwa lori.

Mwezi wa Ramadhani huwa na sifa ya kupunguza mwili, na wengi hushangaa wanapofika Idi wameongezeka. Sababu iko kwenye futari: sambusa, bajia, kaimati na sharubati ya sukari, vikifuatwa na daku nzito. Funga haina kosa hapo. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano aonane na mhudumu wa afya kabla ya mwezi kuingia, maana dozi inaweza kuhitaji kupangwa upya. Miraa nayo hukata hamu ya chakula mchana, lakini mlaji huishushia soda na chai, kisha hula usiku kwa mkupuo mmoja. Mwenye presha ana sababu ya ziada ya kuiacha, kwani huipandisha.

Kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki, hutimiza zile dakika 150. Kwa joto letu muda unaofaa ni baada ya alfajiri au jua likipoa baada ya alasiri. Wanawake wengi huona haya kutembea bila safari. Wakiwa wawili au watatu, haya hupungua.

Kuhusu chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa sokoni na kwa simu: vingi huharisha, na sanamaki iko katika kundi hilo. Kinachotoka ni maji, na kwa joto la Bangale kupoteza maji ni hatari. Mafuta hubaki yalipokuwa.

Asiye na mzani atumie kamba. Zungusha kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo, urudie baada ya mwezi. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume ni sababu ya kupimwa presha na sukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa vifaa vya vipimo hivyo kuanzia Septemba 2023, na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na serikali kwa waliojisajili na SHA. Anayetumia dawa za presha au kisukari ataona namba zikishuka kadiri anavyopungua. Asiache dawa mwenyewe. Abebe namba hizo hadi kituoni, na huko ndiko dozi itakakopunguzwa.