Sanshini Kando ya Gitaa la Umeme: Muziki wa Kisasa wa Visiwa vya Ryukyu

Visiwa vya Ryukyu vimetandazwa baharini kati ya Kyushu, kusini mwa Japani, na Taiwan. Kikubwa kuliko vyote ni Okinawa, na ni kwa jina hilo dunia imeujua muziki wake wa kisasa: nyimbo zinazopigwa kwa gitaa la umeme, besi na dramu, huku ndani yake ikisikika ala ya kale, uimbaji wa vijijini na lugha ambazo mtu wa Tokyo hazielewi. Ugeni huo wa lugha una historia yake. Tangu 1429 visiwa hivi vilikuwa ufalme uliofanya biashara na China na Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1609 ulivamiwa na jimbo la Satsuma kutoka Kyushu, na mwaka 1879 Japani ikaufuta na kuufanya mkoa wake.

Ala yenyewe ni sanshini. Asili yake ni China. Ina nyuzi tatu, kisanduku kidogo cha mti kilichowambwa ngozi ya chatu, na shingo isiyo na alama yoyote ya kumwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Nyuzi hudonolewa kwa kipande cha pembe kinachovaliwa kwenye kidole cha shahada. Chatu hawaishi Okinawa, hivyo ngozi imekuwa ikiagizwa kutoka nje tangu zamani. Katika karne ya 16 ala hii ilifika Japani bara, ngozi ya nyoka ikaachwa, na ikawa shamiseni.

Kinachoutambulisha muziki huu hata kwa sikio geni ni mpangilio wake wa sauti. Mwanakwaya aliyefundishwa solfa anaweza kuujaribu mwenyewe: aimbe do, mi, fa, so, ti, kisha do ya juu, akiziacha kabisa re na la. Ushairi nao una kipimo chake. Ubeti wa ryuka, jina la ushairi huo, una mistari minne, mitatu ya mizani 8 na wa mwisho wa mizani 6, na kwa kipimo hicho vijana wa zamani walikutana usiku baada ya kazi za shamba wakajibizana kwa nyimbo walizozitunga papo hapo.

Ujibizanaji huo unaeleza mengi. Wimbo wa kienyeji wa Okinawa haukuwa kitu cha kuhifadhiwa kabatini, kwani watu waliendelea kutunga. Fukuhara Choki, mhamiaji kutoka Okinawa aliyeishi Osaka, alianzisha kampuni ya santuri ya Marufuku mwaka 1927 ili kurekodi nyimbo za kwao, na yeye mwenyewe alitunga nyingi ambazo leo huimbwa kama za mababu. Anayesema kwamba gitaa la umeme liliuharibu muziki safi wa kale anasahau kwamba muziki huo ulikuwa umeshapita kwenye studio na kwenye santuri kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Vita vilipofika, vilifika kwa kishindo. Mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945 yaliua takriban watu 200,000, wakiwemo raia wengi mno wa kisiwa hicho. Katika kambi walimokusanywa walionusurika, watu walitengeneza sanshini kwa makopo ya bati, vipande vya mbao na nyuzi za miavuli ya kijeshi. Ala hiyo ya kopo, kankara sanshini, ingali ikitengenezwa na hutumiwa hata kuwafundishia watoto.

Wamarekani waliitawala Okinawa hadi Mei 1972. Mji wa Koza, kando ya kambi ya ndege ya Kadena, ulijaa baa za wanajeshi, wengi wao wakielekea Vietnam au wakirudi kutoka huko. Bendi za vijana wa Koza, kama Murasaki na Condition Green, zilipiga roki nzito mbele ya wasikilizaji hao wagumu, zikapevuka haraka. Muziki mpya wa Ryukyu ulizaliwa hapo hapo, roki ikitoka baa moja na sanshini ikisikika nyumba ya pili.

Kina Shoukichi alizaliwa Koza mwaka 1948, mtoto wa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za kienyeji. Angali kijana alitunga "Haisai Ojisan", wimbo wa Kiokinawa wenye mwendo wa kachashi, ngoma ya kufungia sherehe ambayo watu wote huinuka na kucheza mikono ikiwa juu. Aliuweka juu ya dramu na gitaa bila kuupunguza kasi wala kuutafsiri. Mwaka 1975 Kubota Makoto, mwanamuziki wa Japani bara, aliuimba katika albamu yake, na mwaka 1977 Kina na bendi yake ya Champloose wakatoa albamu yao kwa wasikilizaji wa nchi nzima. Sauti za wanawake wa bendi hiyo, kali na za juu, zikijibu kila mstari, ndizo zilizoipa nguvu kuliko gitaa lolote. Mwaka 1980 ikafuata "Bloodline", ambamo Mmarekani Ry Cooder alishiriki. Humo ndimo ulimo wimbo wa polepole uitwao "Hana", ambao umeimbwa upya katika nchi nyingi za Asia. Emil Chau wa Taiwan aliueneza kwa Kichina katika miaka ya 1990.

Teruya Rinken naye alitoka katika familia ya wanamuziki. Rinken Band yake, iliyoanza 1977, ilichanganya vinanda vya umeme na ngoma za eisa, zile zinazopigwa barabarani wakati wa kuwaenzi wafu. China Sadao, mwimbaji na mtunzi, aliunda kundi la wanawake wanne, Nenes, mwaka 1990. Uimbaji wao ulibaki wa visiwani hata nyuma yao ulipopigwa mdundo wa rege.

Wimbo uliovuma kuliko zote, hata hivyo, ulitungwa na mgeni. Miyazawa Kazufumi wa bendi ya The Boom anatoka Yamanashi, Japani bara. Baada ya kusikia habari za waliokufa mwaka 1945 alitunga "Shima Uta", uliotoka 1992. Kwa juu ni wimbo wa wapendanao wanaotengana. Chini yake ni maombolezo. Wapo walioona kwamba mtu wa bara hakuwa na haki ya kuugusa muziki huu. Lakini umesafiri mbali: Alfredo Casero wa Argentina aliuimba kwa Kijapani mwaka 2001.

Kutoka kisiwa cha Ishigaki, kundi la BEGIN lilitunga muziki wa "Nada Soso", na Natsukawa Rimi, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, akaupeleka kila nyumba ya Japani kuanzia 2001. Mwaka huo huo bendi ya panki ya Mongol800 ilitoa albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 2 bila kampuni kubwa nyuma yake. Amuro Namie wa Naha, mji mkuu wa Okinawa, alikuwa ameshakuwa nyota mkubwa wa dansi, ingawa kwenye nyimbo zake harufu ya Ryukyu ni ndogo sana.

Katika haya yote kilicho hatarini zaidi ni lugha. Shuleni watoto walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya nyumbani, na mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha lugha za Ryukyu miongoni mwa zilizo katika hatari ya kutoweka. BEGIN waliligusa jambo hili katika "Shimanchu nu Takara" wa mwaka 2002, ambamo mwimbaji anakiri kwamba hajui hata maana ya maneno ya nyimbo za kale za kwao. Wimbo huo sasa hupatikana katika vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa kwa kunkunshi, mwandiko wa zamani wa sanshini unaotumia herufi za Kichina kuonyesha mahali pa kubonyeza. Wanaoanza kujifunza ala hiyo mara nyingi huanzia hapo, kisha husonga kwenye nyimbo za kale, ambako huhitaji mwalimu wa kuwaeleza maneno pia.