Je, Wajua? Figo Ikinyimwa Damu, Presha Hupanda

Figo zako mbili, kila moja yenye urefu wa sentimita 11 hivi, hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji, lakini mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu.

Damu hiyo huletwa na ateri ya figo, ambayo ukuta wake una matabaka matatu. Chukua koti la mtumba la soko la Toi lililochanika bitana begani. Ukilivaa, mkono huteleza kati ya bitana na kitambaa, ukakwama humo. Tabaka la ndani la ateri likichanika, damu nayo huingia pasipo njia, ikajaa kati ya matabaka na kuibana njia yenyewe. Sehemu ya figo iliyokosa damu hufa kwa saa chache, na ikishakufa haifufuki.

Nini huichana ateri? Bodaboda ya Kisumu Ndogo, iwe ile ya Kibera au ya Korogocho, ikigonga kitu, mwili husimama ghafla huku figo ikisukumwa mbele na kuvuta ateri yake. Presha ya miaka mingi nayo huchosha ukuta, na wapo waliozaliwa na mishipa dhaifu.

Kioja ni kwamba figo iliyonyimwa damu hufanya kana kwamba mwili mzima umepungukiwa. Humwaga renini, kemikali inayosababisha mishipa kubana na chumvi kubaki mwilini. Presha hupanda, na presha hiyo hiyo huweza kuzidisha mchaniko. Mwaka 1934, daktari Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alibana ateri za figo za mbwa, na presha yao ikapanda.

Maumivu huja ghafla ubavuni, hata yakadhaniwa ni mawe ya figo au misuli. Wengi hukimbilia diklofenaki dukani, dawa inayoweza kupunguza zaidi damu ya figo. Kinachofichua ukweli ni picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Tiba ni kushusha presha, dawa za kuzuia damu kuganda, au kijibomba cha kupanua ateri.

Kwa hiyo aliyeanguka na bodaboda, ubavu ukamuuma na presha ikasoma juu, asiridhike na vidonge. Afike hospitali ya Mbagathi au Kenyatta, aulize habari ya figo siku hiyo hiyo.