Aliir Aliir: Mzaliwa wa Kakuma aliyesubiri zamu yake Australia

KLABU ya Sydney Swans ilipoteremka uwanjani Oktoba 1, 2016, kuwania ubingwa wa Ligi Kuu ya kandanda ya Australia (AFL), beki wake Aliir Aliir hakuwa kikosini. Alikuwa ameumia goti siku nane awali, katika mechi ya nusu fainali ambayo Sydney waliwalaza Geelong.

Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza katika kikosi kikuu, baada ya kukaa miaka miwili mizima akisubiri kuitwa. Kwa mchezaji wa umri wa miaka 22, pigo hilo lilikuwa zito, kwani wapo wanaocheza hadi kustaafu bila kuionja fainali.

Aliir ana uhusiano na Kenya ambao mashabiki wengi wa humu nchini hawaujui. Alizaliwa Septemba 5, 1994, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana. Kambi hiyo ilikuwa imefunguliwa miaka miwili awali, 1992, kuwapokea watu waliotoroka vita nchini Sudan. Wazazi wake walitoka katika eneo ambalo mwaka 2011 lilijitenga na kuwa taifa la Sudan Kusini. Alipokuwa na umri wa miaka minane, familia ilihamia Australia na kuanza maisha mapya jijini Brisbane, jimbo la Queensland.

Mchezo uliompa jina ni tofauti kabisa na soka inayochezwa huku kwetu. Sheria zake za kwanza ziliandikwa jijini Melbourne mwaka 1859. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani. Uwanja wenyewe ni wa duaradufu, hauna wavu wala mlinda lango, na mpira una umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuupiga teke, au kuushika kwa mkono mmoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono wa pili. Kuurusha ni kosa. Anayekimbia nao sharti audundishe au auguse ardhini kila baada ya mita 15.

Kila upande wa uwanja una milingoti minne. Mpira ukipigwa teke na kupita kati ya ile miwili ya katikati, timu hupata alama sita. Ukipita baina ya mlingoti wa katikati na ule wa pembeni, hupata alama moja tu. Ndiyo sababu si ajabu timu kumaliza mechi ikiwa na alama 90 au zaidi.

Kinachowainua mashabiki vitini ni udakaji. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa teke na kusafiri umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujaguswa na mwingine wala kuanguka chini, hupewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Kwa hivyo mwenye kimo na uwezo wa kuruka huwa lulu. Aliir, ambaye kimo chake ni takriban sentimita 195, alijaliwa yote mawili.

Hata hivyo, kimo pekee hakitoshi. Watoto wengi wa Australia hufunzwa mchezo huu tangu wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, kupitia mpango uitwao Auskick. Aliir aliujia akiwa tayari amebaleghe, tena katika jimbo ambako raga ndiyo inayotawala. Alianza kuonekana katika klabu ya Aspley ya Brisbane, kisha akavuka bara zima, safari ya zaidi ya kilomita 3,500, kuichezea East Fremantle katika ligi ya Australia Magharibi. Ligi hiyo imekuwapo tangu 1885, na wasaka vipaji huifuatilia kwa makini.

Nchini Australia, klabu hazinunui wachezaji kwa mamilioni ya pesa kama zifanyavyo klabu za soka za Ulaya. Kila mwaka hufanyika uteuzi wa chipukizi, ambapo klabu huchagua kwa zamu. Iliyoburura mkia msimu uliotangulia huchagua kwanza, na bingwa huwa wa mwisho katika kila duru. Nia ni kuzuia klabu chache zisivikusanye vipaji vyote.

Katika uteuzi wa mwaka 2013, chaguo la kwanza lilikuwa mshambulizi Tom Boyd, aliyetwaliwa na Greater Western Sydney. Aliir alisubiri hadi nambari 44, Sydney Swans walipomtaja.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwaka 2014 na 2015 hakupangwa hata mara moja katika mechi ya ligi kuu. Alicheza katika timu ya akiba ya Sydney, iliyoshiriki ligi ya kaskazini mashariki, akijifunza yale ambayo wenzake waliyapata utotoni.

Kazi ya beki wa aina yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mpira wa adui unapokuwa hewani, huwa na muda mfupi sana wa kuamua iwapo atabaki na mtu anayemkaba au atamwacha ili aende kuudaka. Akipatia, shambulizi la adui hugeuka kuwa la timu yake. Akikosea, mpinzani aliyeachwa peke yake hufunga. Uamuzi huo huhitaji kuusoma mchezo, na usomaji huo haupatikani ila kwa kucheza mechi nyingi.

Mwaka 2016 alipewa nafasi na akaitumia vyema, hadi jeraha la goti likamtoa. Katika fainali yenyewe, Sydney walishindwa na Western Bulldogs kwa alama 89 dhidi ya 67. Miongoni mwa waliowazamisha alikuwa Tom Boyd, ambaye tayari alikuwa amehamia Bulldogs na ambaye siku hiyo alifunga mabao matatu. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo tangu mwaka 1954.

Yeyote aliyewatazama vijana hao wawili siku hiyo angedhani kwamba nambari zao za mwaka 2013 zilisema kweli. Yaliyofuata yalikuwa mengine. Boyd, aliyebeba matarajio makubwa tangu akiwa na umri wa miaka 18, alistaafu Mei 2019 akiwa na umri wa miaka 23 tu, na akaeleza wazi jinsi afya yake ya mwili na ya akili ilivyoathirika.

Kwa upande wake, Aliir alicheza mechi chache mno mwaka 2017, kabla ya kurejea kikosini mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 2020, Sydney walimwachilia aende Port Adelaide, nao wakapewa nafasi ya kuteua chipukizi. Katika msimu wake wa kwanza huko, 2021, alitajwa katika kikosi cha wachezaji bora wa mwaka, kiitwacho All-Australian. Ilikuwa imetimia miaka minane tangu uteuzi wa 2013.

Njia hiyo hakuifungua peke yake. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, ndiye mchezaji wa kwanza mwenye asili ya Sudan kucheza AFL, alipoichezea North Melbourne mwaka 2013. Miezi michache baada ya Aliir kutuzwa mwaka 2021, Mac Andrew, kijana aliyezaliwa Misri katika familia ya Sudan Kusini, aliteuliwa na Gold Coast Suns. Yeye hakusubiri hadi nambari 44. Alikuwa chaguo la tano.