Je, Wajua? Mkaa Uliotoka Kiwanda cha Magari
Vibonge vya mkaa vinavyotumika kuchomea nyama Marekani vina deni kwa gari. Gari la Ford aina ya Model T lilitumia mbao nyingi, na miaka ya 1920 kiwanda cha Ford huko Iron Mountain, Michigan, kilijaa vipande na maranda. Henry Ford, asiyependa kitu kipotee bure, aliagiza yachomwe, yasagwe, yachanganywe na wanga, kisha yashindiliwe. Utasema hakuvibuni yeye, na ni kweli: Ellsworth Zwoyer alipata hataza ya vibonge vya mkaa mwaka 1897. Lakini hataza peke yake haiuzi mkaa. Ford alikuwa na mabaki yasiyokwisha na, ajabu zaidi, mawakala wa magari waliouza mkaa huo madukani mwao. Jina la mkaa huo, Kingsford, la mume wa binamu ya Ford aliyemsaidia kupata msitu, lilifuata biashara ilipouzwa mwaka 1951.