Neno Lililonakiliwa Laweza Kuharibu Tangazo Zima

Waandaaji wengi wa matangazo, mihtasari na barua za vikundi huanza na waraka wa zamani, kisha hubadilisha majina kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, inayofunguliwa kwa vibonye Ctrl na H katika programu ya Word. Njia hiyo huokoa muda. Hata hivyo, neno lililonakiliwa na kubandikwa katika kisanduku cha kutafutia huweza kubeba vitu visivyoonekana kwa macho.

Chukuliwe mfano wa tangazo la chanjo ya mifugo lililoandikwa kwa ajili ya Kata ya Kilole, wilayani Korogwe, ambalo sasa linahitajika katika Kata ya Mkata, wilayani Handeni. Mwandishi akibofya neno "Kilole" mara mbili, Word huchagua pia nafasi inayolifuata. Akilinakili hivyo, kompyuta itatafuta jina pamoja na nafasi hiyo, na kila "Kilole" lenye nukta au koma mbele yake litaachwa lilivyo. Mfugaji wa Mkata atasoma jina la kata yake kwenye kichwa cha habari, kisha aya ya mwisho imwelekeze kupeleka mifugo Kilole.

Neno "ng'ombe" nalo lina mtego wake. Ritifaa huweza kuwa iliyonyooka au iliyopinda, na programu kama Notepad++ huzihesabu kuwa alama mbili tofauti. Ni busara kunakili neno hilo kutoka katika faili lenyewe linalosahihishwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno mafupi. Anayebadilisha "kata" kuwa "mtaa" kwa mkupuo ataikuta Mkata imegeuka "Mmtaa", mkataba umekuwa "mmtaaba" na takataka zimekuwa "tamtaaka". Chaguo la kutafuta neno zima huzuia hayo, na Ctrl na Z hurejesha maandishi yaliyokwisha kuharibika.

Aya ndefu huhitaji mbinu nyingine, kwa kuwa visanduku vya Word havipokei zaidi ya herufi 255. Mwandishi huinakili aya mpya, kisha katika kisanduku cha kubadilishia huandika alama ya ^ ikifuatiwa na herufi c, bila nafasi kati yake. Word huweka aya yote iliyonakiliwa, pamoja na jedwali au picha iliyomo.