Jino halisubiri mnada

Ukihesabu watu wazima wa wilaya zetu za Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, waliotibiwa mzizi wa jino, utapata wachache. Ukihesabu mapengo, utachoka.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wana angalau jino moja lililotibiwa mzizi. Tuupokee kwa tahadhari, maana wengi waliochunguzwa walikuwa tayari wagonjwa wa kliniki za meno. Hata hivyo, uchache wetu si dalili ya afya. Jino lililong'olewa halimo katika hesabu hiyo.

Ndani ya jino mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukikifikia, maji baridi huacha maumivu ya dakika kadhaa, na usiku hulali. Kisha siku moja maumivu hukatika ghafla. Mtu humshukuru Mungu, akarudi kwenye mikorosho yake. Kumbe kiini kimekufa, na usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi.

Tiba yenyewe ni kazi ya subira. Daktari hupiga ganzi, akatoboa jino, akapitisha vijisindano vya chuma ndani ya mfereji wa milimita 20 hivi, huku akiusafisha kwa dawa ya klorini. Ukishakauka huujaza gatapacha, utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Gego la juu huwa na mizizi mitatu na mara nyingi mifereji minne. Ukisahaulika mmoja, ugonjwa unaweza kurudi.

Tiba hii inahitaji eksirei, muda, na mara nyingi kurudi tena. Kung'oa ni dakika chache tu. Mkulima aliyeteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala hadi hospitali ya Mkomaindo au Ndanda mwezi Juni, akiwa hana fedha kwa kuwa minada ya korosho huanza Oktoba, atachagua nini? Simlaumu. Tena gego lililobaki kuta nyembamba huhitaji kofia juu yake, gharama nyingine hiyo, na wakati mwingine kung'oa ndiyo tiba sahihi.

Ila jino la mbele ni habari tofauti. Kwa kawaida lina mfereji mmoja ulionyooka, na mara nyingi kazi huisha kwa siku moja. Kabla hujakubali koleo, uliza kama linatibika, na wapi.