Makangale hadi Muscat: Kwa nini safari ya saa tano humaliza siku nzima

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KIJIJI cha Makangale, kilichopo kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba, kipo karibu zaidi na Muscat, mji mkuu wa Oman, kuliko ulivyo mji wa Unguja. Hata hivyo, mwanakijiji anayekwenda Oman kwa ndege hulazimika kuanza safari kwa kuelekea kusini, akiipa mgongo nchi anayoikusudia.

Kwa kipimo cha mstari mfupi zaidi juu ya uso wa dunia, Makangale hadi Muscat ni takriban kilomita 3,750. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni takriban kilomita 3,900.

Ndege kubwa ya abiria ikiwa angani huenda kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Ukijumlisha muda wa kupaa na kutua, safari ya moja kwa moja kutoka Unguja huchukua kati ya saa tano na tano na nusu. Enzi za majahazi, mabaharia walisubiri pepo za kusi ziwapeleke Arabuni, na safari ilichukua wiki kadhaa.

Kinachorefusha safari ya leo si anga, bali viunganishi vyake. Kutoka Makangale, msafiri hupita msitu wa Ngezi na mji wa Konde hadi uwanja wa ndege uliopo karibu na Chake Chake. Hapo hupanda ndege ndogo hadi Unguja, umbali wa kilomita 125 hivi, kwa muda wa takriban nusu saa. Ndege hizo kwa kawaida huruhusu mizigo michache, mara nyingi kilo 15, kiasi ambacho ni kidogo kwa anayewapelekea ndugu zake zawadi.

Siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja, msafiri hupitia mji mwingine. Kwa mfano, njia ya Doha hufikisha takriban kilomita 4,450. Nyongeza hiyo ya kilomita 550 si kubwa kwa ndege. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Tiketi huonyesha saa za mahali husika, na Oman ipo mbele ya Tanzania kwa saa moja. Ndege ikiondoka Unguja saa 8:00 mchana, yaani 14:00 kwenye tiketi, na kuruka kwa saa tano na nusu, itatua Muscat saa 2:30 usiku za huko, yaani 20:30. Kwa hesabu ya tiketi, safari ya kwenda huonekana ya saa sita na nusu, na ya kurudi saa nne na nusu.

Tahadhari kubwa ni kwa anayenunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya Pemba hadi Unguja na nyingine ya nje. Ndege ndogo ikichelewa kwa mvua, ile kubwa kwa kawaida haitamsubiri, na nauli yaweza kupotea. Kwa sababu hiyo, kuvuka Unguja siku moja kabla, kwa ndege au kwa boti, kwaweza kuwa gharama ndogo kuliko kununua tiketi nyingine.